Maiki ya Mazishi ya Zadock

Hakuna chombo kinachoteswa katika matanga yetu kama maiki. Mchungaji huigonga kwa kidole kana kwamba anabisha hodi. Chifu huipuliza. Shemeji aliyetoka Nairobi huikaba koo mpaka inafoka, kisha huuliza mbona watu wa nyuma hawamsikii. Mama wa watu huishika mbali na mdomo, kwa adabu, na maneno yake yote mazuri huishia kifuani kwake. Na ikikataa, wote hao hugeuka kumtazama fundi wa sauti kwa jicho lile analotazamwa nalo mwizi wa kuku.

Walubengo alikuwa ametazamwa hivyo kwa miaka ishirini na saba na hakuwahi kukosa usingizi kwa ajili hiyo. Alikuwa Mluhya, Mbukusu wa Bungoma, aliyekuja Kisumu kijana mwenye mabega mapana, akachukuliwa kubeba spika za bendi ya Zadock Owiti. Mwaka haujaisha Zadock akagundua kwamba huyu mbeba mizigo anasikia vitu ambavyo wapiga gita wenyewe hawavisikii. Angesimama nyuma ya ukumbi na kusema, "Uzi wa tatu wa yule wa kushoto umelegea," nao ungekutwa umelegea. Tangu hapo Zadock hakupanda jukwaani kabla Walubengo hajamchagulia maiki kwa mkono wake. "Mimi nimepewa koo," alikuwa akiwaambia watu, huku akimpiga Walubengo mgongoni. "Masikio yangu anatembea nayo huyu Mluhya."

Sasa Zadock alikuwa mochari, figo zimemshinda, na masikio ya huyo Mluhya yalikuwa yametangulia kufa.

Hayakufa kwa siku moja. Kwanza nyenje wa Migosi, mtaani kwake, walinyamaza, naye akadhani ni dawa wanazopulizia mitaro. Kisha simu yake ikawa inalia na mkewe Nanyama ndiye anayemwambia. Kisha wajukuu wakaanza kumung'unya maneno, akawakaripia waongee kama watu. Hospitalini walimfungia kwenye chumba kidogo na kumvika visikizi, na mganga akamwonyesha karatasi yenye mstari uliokwenda vizuri mpaka katikati, halafu ukaanguka. "Sauti nzito utaendelea kuzisikia, Mzee," mganga alimwambia. "Zile nyembamba zimeenda, na hazirudi." Akamtajia kifaa cha kuvaa sikioni. Walubengo akacheka, kicheko kibaya. Nani atamwajiri fundi wa sauti aliyevaa kifaa cha viziwi?

Basi akaficha. Aliyejua ni Nanyama peke yake, na ubaya wa jambo lenyewe ni kwamba kuficha kulikuwa rahisi. Watu wanaoshika maiki kwenye matanga wengi wao ni wanaume, wazee wenye sauti za mapipa, na hao aliwasikia vizuri sana. Tena kila alipofika mahali alikuwa na mtindo wake wa zamani wa kujaribu vyombo: mtu ahesabu kwa Kijaluo. Achiel, ariyo, adek, mpaka apar, ambayo ni kumi. Wajaluo walimpenda kwa hilo, Mluhya anayewaheshimu namna hiyo. Hawakujua, na mwanzoni hata yeye hakujua, kwamba katika hesabu hiyo yote hamna hata sauti moja ya kupuliza hewa menoni, hakuna s, hakuna z, hakuna kitu chembamba cha kumtia aibu. Mtu angehesabu mpaka kumi na Walubengo akasikia kila kitu. Palipobaki, alitazama nyuso. Wakikunja uso, anapunguza. Wakiitikia kwa kichwa, anaacha.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mazishi, Dolphine alikuja nyumbani kwake Migosi. Ni binti wa pekee wa Zadock, mwalimu wa chekechea, msichana mwembamba mwenye sauti nyembamba kama yeye mwenyewe, ya juu, safi, isiyofanana hata kidogo na ngurumo ya baba yake. Alikaa kwenye ukingo wa kiti akiwa amekunja leso mkononi.

"Baba," alisema, kwani ndivyo alivyomwita tangu alipojifunza kusema, "kuna wimbo Baba alinitungia hapo mwisho, akiwa kitandani. Aliniambia nisiuimbe popote. Niuimbe Jumamosi, kabla hawajamteremsha. Hakuna mtu ameusikia, hata Mama."

Walubengo alikuwa amesogea karibu, akimtazama midomo. "Hata mama yako, Dorca?"

"Hata yeye. Na ni mara moja tu, Baba. Nikishaimba pale, basi. Sasa nataka unichagulie maiki vile ulikuwa unamchagulia yeye."

Hapo ndipo angesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Sentensi moja tu na mambo yangekwenda njia nyingine. Nanyama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na birika mkononi, akimkodolea macho mumewe, akimngoja. Walubengo aliyaona macho hayo. Akamshika Dolphine mkono na kusema, "Nyara, binti yangu, hiyo kazi ni yangu."

Msichana alipokwenda kuwapokea wageni wa kwao, Nanyama aliweka birika mezani kwa kishindo.

"Baba Wakhisi, mwachie Gordon hii."

"Zadock angetaka mimi."

"Zadock angetaka mtoto wake asikike." Alisema hivyo kwa sauti kubwa, neno moja moja, kama alivyozoea kuongea naye siku hizi. "Wewe unataka wewe."

Walubengo alimnunia siku nzima, maana mkewe alikuwa amesema kweli.

Ijumaa asubuhi Gordon alileta maiki tatu, ameziazima kwa rafiki yake mwenye duka mjini. Gordon alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, sasa fundi kamili mwenye vyombo vyake, kijana mcheshi asiyeweza kusimama bila kupiga vidole. Walifunga spika mbili uani, chini ya kamba za nguo, na Dolphine akasimama katikati ya shuka za majirani.

Kuchagua maiki ya mwimbaji si kuchagua iliyo ghali wala inayong'aa. Walubengo mwenyewe alikuwa amewafundisha hivyo vijana wengi mpaka wakachoka. Kila maiki ina tabia yake. Ipo inayonenepesha sauti, ipo inayoinoa. Zadock, kwa koo lile la fahali, alihitaji ya kunoa, la sivyo maneno yangezama. Lakini mwenye sauti nyembamba mpe maiki nene, imfunike mabega, imtoe ukali. Ukimpa inayonoa umempa wembe. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake ya kwanza, na hakuna aliyewahi kumwona akiivunja.

Maiki ya kwanza ilikuwa nene, nyeusi, na kichwa cha waya kilichobonyea kidogo. Dolphine alihesabu, achiel, ariyo, adek, kisha Gordon akamwambia, "Imba kitu, Dolphine. Si huo wimbo. Kitu chochote." Akaimba kipande cha pambio la kanisani. Walubengo alisikia mtu anayeimba chini ya blanketi. Maneno hayakuwapo. Lakini alipomtazama Gordon, vidole vya kijana vilikuwa vimetulia na macho yamefumba. Aliuona uso huo. Hilo nalisisitiza, kwa sababu baadaye alijaribu kujidanganya kwamba hakuuona.

Ya pili ilikuwa ya katikati, haikumpa kitu.

Ya tatu ilikuwa ya fedha, nyepesi, ya kunoa. Dolphine alipofungua mdomo, Walubengo alishtuka. Alisikia neno. Halafu neno lingine. Si yote, lakini vipande, kingo za maneno, kitu kama pumzi kati ya meno. Alikuwa hajasikia sauti ya mwanamke kwa namna hiyo zaidi ya mwaka. Mkewe mwenyewe alikuwa amegeuka mnong'ono na mikono. Wajukuu wake wa kike walikuwa midomo tu. Na sasa mtoto wa Zadock alikuwa amesimama kati ya shuka akimwimbia, na alimsikia. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Ilikuwa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomharibu.

"Hii," alisema.

Gordon alikuwa amekunja uso. "Mzee, hii inakata. Huko juu iko moto sana, aki. Si wewe ulinifundisha sauti nyembamba ipewe maiki nene?"

"Nilikufundisha. Sikukufundisha kunifundisha."

"Mi nasema tu, Mzee. Kwa uwanja, na mabati ya hiyo nyumba, hii itapiga nduru. Na hii ya kwanza..."

"Hiyo ya kwanza ni tope! Wewe masikio yako yameharibiwa na hizo nyimbo zenu za kuruka ruka."

Gordon akaanza kukunja waya. Hakuwa mtu wa kumjibu mzee wake. Dolphine aliwatazama wote wawili, akaigeuza ile maiki ya fedha mkononi.

"Mimi naskia kama inanidunga kidogo," alisema. "Lakini sijui hizi vitu. Baba, ni hii kweli?"

"Nimemsikia baba yako miaka ishirini na saba," Walubengo alijibu. "Nitashindwa kukusikia wewe?"

Akamwamini. Kwa nini asingemwamini? Alikuwa amelelewa akiambiwa kwamba masikio ya nyumba yao yako kwa mtu huyu.

Jumamosi walikuwa nyumbani kwa Zadock kijijini, juu kidogo ya Pap Onditi, mahema yamejaa tangu asubuhi. Gordon alikuja na vyombo vyake kusaidia bila kuitwa. Walubengo akamtuma akae na jenereta nyuma ya nyumba. "Isizime," alimwambia, kana kwamba jenereta hiyo ilikuwa na mazoea ya kuzima. Kijana alimtazama kidogo, akaenda. Nanyama, aliyekuwa ameketi na akina mama, aliona hayo na akainamisha kichwa.

Hotuba zilikwenda vizuri. Wajomba walinguruma, wanabendi wakanguruma, na mtu wa siasa akanguruma kuliko wote, naye aliombwa mara tatu kuketi. Walubengo alikuwa kwenye miksa chini ya mwavuli, vidole vyake vinatembea, na watu waliopita walimsalimu kwa heshima. Kwa saa tatu alikuwa tena yule mtu wa zamani. Alianza hata kufikiri kwamba mganga yule alizidisha chumvi.

Saa nane jeneza lilibebwa hadi kaburini, upande wa kushoto wa nyumba. Miksa na spika zilisogezwa huko, spika zikatazamana na ukuta wa mabati, na mwavuli ukabaki nyuma, hivi kwamba jua lilimulika miksa moja kwa moja na vile vitaa vyake vidogo vya kuonya sauti ikizidi havikuonekana kama vinawaka au vimezima. Mchungaji alifunga kitabu. "Sasa binti yake," alisema.

Dolphine alisimama kichwani pa kaburi. Mpiga gita wa bendi alianza taratibu, na gita hilo Walubengo alilisikia vizuri, mpaka kidole kinavyoteleza. Kisha Dolphine akafungua mdomo.

Walubengo hakusikia alichosikia uani. Huku kulikuwa na upepo, na watu, na mngurumo wa jenereta nyuma ya nyumba. Alisikia mvumo wa sauti isiyo na maneno. Akayakumbuka maneno ya Dolphine. Mara moja tu, Baba. Akashika kitufe cha sauti za juu akakizungusha. Kidogo kikaja, ukingo wa neno. Akazungusha tena.

Akainua macho kutafuta nyuso, kama alivyozoea. Akamwona Dorca, mjane, akiinua mikono na kuiweka kichwani. Kando yake dada wa marehemu naye akainua. Kisha mstari mzima wa akina mama, mikono juu, vichwa vimeinama. Huku kwetu mwanamke akizidiwa na msiba ndivyo anavyofanya, hushika kichwa kwa mikono miwili na kulia. Walubengo alikuwa ameona hivyo katika matanga zaidi ya elfu moja. Wimbo umewaingia, alijiambia. Zadock, umesikia? Mtoto amewaingia. Na akazungusha kitufe mpaka kikagota.

Mikono haikuwa kichwani. Ilikuwa masikioni.

Hilo aliligundua kwa mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake, aliyekuwa mwekundu mdomo mzima kwa kulia. Kisha akamwona mchungaji mwenyewe ametia vidole viwili masikioni, na watoto wanakimbilia nyuma ya nyumba. Mpiga gita alikuwa ameacha kupiga. Dolphine alikuwa bado anaimba, ameinamisha shingo, uso umemkunjika, anamtazama yeye. Yeye peke yake. Alikuwa anamuuliza. Na Walubengo, ambaye kwa miaka ishirini na saba alikuwa amewajibu waimbaji kwa ishara moja, alimwinulia kidole gumba.

Basi aliendelea. Mpaka leo watu wa Pap Onditi wanashangaa kwa nini aliendelea na nduru ile inamtoboa. Aliendelea kwa sababu Baba Walubengo alimwambia iko sawa.

Gordon alitokea nyuma ya nyumba anakimbia, mdomo wazi, akaruka kamba za hema, akamsukuma mzee wake kwa bega na kuteremsha kila kitu kwenye miksa. Watu wakashusha mikono. Mtu mmoja akasema "Ruoth!", yaani Ee Bwana, kwa sauti nzito, na hiyo Walubengo aliisikia.

Dolphine alikuja mpaka pale, maiki bado mkononi. Hakuwa analia. Alisimama mbele yake karibu sana, akaongea polepole, kama anavyoongea na watoto wake wa chekechea.

"Baba. Ulikuwa unaisikia?"

Watu mia tano walikuwa wamewageukia. Nanyama alikuwa amesimama.

"Sikuisikia," Walubengo alisema.

"Na jana?"

"Jana nilisikia kidogo. Nilifurahi."

"Tangu lini, Baba?"

"Mwaka juzi."

Alitaka kusema zaidi, kwamba alimpenda, kwamba alimpenda baba yake, kwamba aliogopa, lakini yote hayo yalikuwa kweli na hayakuwa na kazi. Dolphine aliitikia kwa kichwa mara moja. Aliweka ile maiki mezani taratibu, bila kuitupa, na ingekuwa afadhali kama angeitupa. Gordon alikuwa tayari amechomoa ile nene kutoka mfukoni mwa koti, maana alikuja nayo, akamnyooshea. Hakuipokea.

"Hapana. Watu wasogee tu."

Watu walisogea. Waliacha viti, wakaja mpaka ukingoni mwa udongo uliochimbwa, wazee na watoto, wakambana pande zote. Dolphine alianza upya bila gita. Nusu ya wimbo ilikuwa imekwisha kuharibika na kila mtu alijua, mara ya kwanza haiji mara mbili, lakini aliuanza mwanzo.

Walubengo alisogea pia. Wakampisha. Walimpisha kama anavyopishwa mgonjwa, mpaka akafika hatua nne kutoka kwa Dolphine. Aliona koo lake likipanda na kushuka. Alimwona Dorca ameshika mkono wa shemeji yake na kulia, kilio cha kweli safari hii, cha kinywa wazi. Aliona neno fulani likitoka midomoni mwa Dolphine na wanabendi wote watatu wakicheka kwa machozi, maana bila shaka Zadock alikuwa ametia mzaha wake humo. Alitega sikio la kulia, kisha la kushoto. Alipata mvumo, a na o zinazoelea bila kushikamana na kitu, na juu yake jenereta ya Gordon, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ikinguruma nyuma ya nyumba vizuri, wazi, kila pigo lake.

Akamgusa Gordon. "Amesema nini?"

Gordon alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati. "Ngoja, Mzee," alisema. Au labda alisema kitu kingine.

Walubengo akageuka kumtafuta Nanyama, naye pia alikuwa ameinua uso kwa Dolphine, anasikiliza, na hakutazama upande wake. Akarudisha macho kwenye midomo ya msichana na kujaribu kuisoma, lakini ilikuwa ni Kijaluo, na Kijaluo alichoweza kukisoma midomoni kilikuwa cha salamu na cha kuhesabu. Midomo ilifunguka na kufunga. Ikatulia. Hakujua kama ni mwisho wa ubeti au anavuta pumzi, akabaki akingoja kama wengine.

"Amina," wanaume wakaitikia, kwa sauti nzito, na hiyo aliisikia yote. Ndivyo alivyojua kwamba wimbo umekwisha.